Maswali ya Wasomaji: Kuigiza Kamera za Matukio kwa Utafiti wa Roboti

Barua nyingi za toleo hili zimehusu jambo moja: namna ya kuigiza kamera ya matukio kwenye kompyuta. Kwa msomaji mgeni, kamera hii haipigi picha nzima. Kila pikseli inajitegemea. Inakumbuka logi (logarithi asilia) ya mwangaza ilipotoa tukio mara ya mwisho, na mwangaza ukipanda au kushuka kupita kizingiti fulani, inatoa tukio lenye mahali (x, y), muda kwa mikrosekunde, na alama ya chanya au hasi. Pasipo mabadiliko inanyamaza. DVS128, iliyoelezwa mwaka 2008, ilikuwa na pikseli 128 kwa 128 na upeo wa mwangaza wa desibeli 120. Siku hizi zipo zenye pikseli 1280 kwa 720.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nina roboti ya magurudumu kwenye kiigaji cha roboti cha Gazebo. Nimeweka kamera ya fremu 30 kwa sekunde pamoja na programu-jalizi inayotoa matukio kwa kulinganisha fremu mbili. Roboti ikigeuka, kingo za vitu zinatoka kama mikanda minene, na nguzo nyembamba zinaonekana mara mbili. Programu yangu ya kufuatilia kona inapotea kabisa. Je, nipunguze kizingiti?

JIBU: Kizingiti hakina kosa, ndugu. Zilizokuangusha ni hizo fremu 30, na hesabu yake ni fupi. Chukua kamera yenye upana wa pikseli 346 na uwanda wa kuona wa digrii 90: urefu wa fokasi ni pikseli 173. Roboti ikizunguka digrii 180 kwa sekunde, yaani radiani 3.14, picha inakwenda kwa pikseli 543 kwa sekunde katikati ya lenzi. Pembeni kabisa, kwa sababu ya jinsi lenzi bapa inavyonyoosha picha, mwendo unakuwa mara mbili: pikseli 1,087 kwa sekunde. Gawa kwa 30. Kati ya fremu moja na nyingine picha inaruka pikseli 18 katikati na 36 pembeni.

Sasa tazama nguzo nyeusi yenye upana wa pikseli 4 mbele ya ukuta mweupe. Kwenye fremu ya kwanza ipo hapa, kwenye ya pili ipo pikseli 18 mbele. Kiigaji kinaona sehemu mbili tu zilizobadilika: ilipotoka nguzo pameng'aa, panatoka matukio chanya, ilipofika pametiwa giza, panatoka hasi. Pikseli 14 za katikati hazitoi chochote. Kwenye kamera ya kweli kila moja kati ya hizo 14 ingetoa hasi nguzo ikiingia na chanya ikitoka, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nguzo yako inapozaliwa pacha.

Kugawa muda kwa mstari ulionyooka kati ya fremu mbili hakuokoi jambo hapa. Pikseli zote za mkanda zitapewa kupanda kulekule kwa milisekunde 33, kana kwamba ukingo ulifika kote kwa pamoja, na zile 14 zitabaki kimya vilevile.

Kanuni ya kufuata: picha isisogee zaidi ya pikseli moja kati ya fremu mbili, na nusu pikseli ni salama zaidi. Kwa roboti yako hiyo ni fremu 1,100 au 2,200 kwa sekunde ya uigaji. Usisahau mwendo wa kwenda mbele na wa pembeni: kitu kilicho umbali wa nusu mita, roboti ikipita ubavuni mwake kwa mita 2 kwa sekunde, kinaongeza 173 × 2 ÷ 0.5, yaani pikseli 692 kwa sekunde. Kwenye Gazebo hatua ya fizikia kwa kawaida ni sekunde 0.001, kwa hiyo kamera haiwezi kupita fremu 1,000. Ukitaka 2,000, shusha max_step_size hadi 0.0005 kisha upandishe update_rate ya kamera. Uigaji utakwenda polepole kuliko saa ya ukutani, uache. Muhimu ni nodi zako zote, yaani programu ndogo zinazoendesha roboti, zisome saa ya uigaji, kwa sababu kidhibiti kinachosoma saa ya kompyuta kitaona roboti inayotembea kama kinyonga.

Kama fremu 2,000 ni mzigo mzito, fuata njia ya ESIM, kiigaji kilichotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich. Hicho hakina kasi moja ya fremu. Baada ya kila fremu kinatafuta pikseli inayokwenda mbio kuliko zote, kisha kinapanga fremu inayofuata baada ya muda sawa na λ (pikseli unazoruhusu picha isogee kati ya fremu mbili) iliyogawanywa kwa mwendo huo. Kwa λ ya nusu pikseli na mwendo wa 1,087, fremu inayofuata inakuja baada ya milisekunde 0.46, roboti ikipunguza hadi pikseli 50 kwa sekunde, milisekunde 10 zinatosha. Kasoro moja: kipimo cha mwendo hakioni taa inayowaka na kuzima. Kama kuna taa za namna hiyo kwenye mandhari yako, tumia pia kipimo cha mabadiliko ya mwangaza, la sivyo kamera ikisimama kiigaji nacho kitalala.

SWALI: Je, nitumie programu gani? Sina kamera halisi bado.

JIBU: Inategemea roboti inajibu au haijibu. Kama unahitaji data ya kufundishia tu na una video za kawaida, tumia v2e ya mwaka 2021: inaongeza fremu za katikati kwa mtandao wa neva, kisha inatoa matukio pamoja na kelele za pikseli. Ila fremu za katikati zinakisiwa, na video yenye ukungu wa mwendo haitasafishika; gurudumu lililozunguka nusu mzunguko kati ya fremu mbili litarudi limepotoka. Ukitaka mwendo na kina vinavyojulikana hasa, tumia ESIM. Kwa magari, kiigaji cha CARLA kina kihisi tayari kinachoitwa sensor.camera.dvs. Kwa roboti inayopaswa kuona na kutenda papo hapo, baki kwenye kiigaji chako cha fizikia na uongeze fremu, kama tulivyomjibu ndugu hapo juu.

SWALI: Kamera yangu imesimama, hakuna kinachotembea, lakini napata maelfu ya matukio kila sekunde. Kelele zote nimezizima. Yanatoka wapi?

JIBU: Yanatoka kwenye picha zenyewe, kabla hata ya kiigaji cha matukio kuzigusa. Kwanza chora grafu ya idadi ya matukio kwa kila milisekunde, kwa muda wa sekunde moja, kamera ikiwa imesimama. Umbo la grafu litakupa jina la mkosaji.

Ikiwa kila fremu inatoa idadi inayolingana, iliyotawanyika picha nzima, mtuhumiwa wa kwanza ni uchoraji wa kufuatilia miale, kama Cycles ya Blender (programu ya kuchora picha za 3D) ikiwa na sampuli chache. Kila fremu ina punje zake. Punje zikiwa na mtawanyiko wa asilimia 10 ya mwangaza, tofauti ya fremu mbili ni kama asilimia 14, na kwa kizingiti cha 0.2 karibu pikseli moja kati ya sita itavuka bila sababu. Kwa kamera ya 346 kwa 260 hayo ni matukio kama 14,000 kwa jozi moja tu ya fremu. Punje zikishuka hadi asilimia 2, tatizo linakwisha lenyewe. Ongeza sampuli, washa kisafisha punje, au hamia Eevee, njia nyingine ya kuchora ya Blender. Kufunga namba ya mbegu (inayoanzisha bahati nasibu ya punje) ili zisibadilike kunapendeza kamera ikisimama tu. Ikianza kutembea, punje zinabaki zimeganda kwenye kioo huku mandhari yakipita nyuma yake, na unapata uchafu wa aina nyingine.

Matukio yakikaa kwenye kingo tu, angalia ulainishaji wa kingo unaotumia fremu zilizopita. Njia hiyo husogeza kamera kwa sehemu ya pikseli kila fremu kwa makusudi. Izime, na badala yake chora picha kubwa mara mbili kisha uipunguze. Ukungu wa mwendo uzimwe pia.

Ukiona mlipuko wa ghafla pikseli zote zikitoa pamoja, ni mwangaza unaojirekebisha wenyewe. Kamera ikiongeza mwangaza kwa asilimia 25, logi inapanda 0.223, na kwa kizingiti cha 0.2 kila pikseli inatoa tukio: 89,960 kwa mpigo. Funga mwangaza kwa thamani moja. Na milipuko inayorudi kwa vipindi sawa, kwa mfano kila fremu ya 12 au ya 30, karibu kila mara ni video iliyobanwa: fremu kamili inapoingia, miraba yote inabadilika kidogo. Hifadhi picha bila kubana kwa hasara.

SWALI: Sehemu zenye kivuli kwenye uigaji wangu zinachemka kwa matukio, lakini zenye mwanga ni tulivu. Picha zangu ni za biti 8.

JIBU: Logi ndiyo inayokuonyesha hayo. Thamani ikitoka 100 kwenda 101, logi inabadilika kwa 0.01 tu. Ikitoka 5 kwenda 6, ni 0.18. Ikitoka 1 kwenda 2, ni 0.69, na kwa kizingiti cha 0.2 hayo ni matukio matatu kutokana na hatua moja ya namba nzima. Dawa ya kweli ni kuchora picha kwa namba za desimali, umbizo la EXR kwa mfano. Ukishindwa, fanya kama v2e: chini ya thamani 20 tumia mstari ulionyooka, juu yake logi.

Angalia pia namba ndogo inayoongezwa kabla ya logi ili kuepuka logi ya sifuri. CARLA inagawa mwangaza kwa 255 kwanza, kisha inaongeza 0.001. Ukiichukua hiyo 0.001 na kuiweka kwenye picha ya 0 hadi 255 bila kugawa, hatua ya kutoka 0 kwenda 1 inakuwa 6.9 kwenye logi: matukio 34 kwa mpigo mmoja.

Na je, umeondoa gama? Picha ya kawaida ya skrini imebanwa kwa kipeo cha karibu 1/2.2. Ukichukua logi yake moja kwa moja, mabadiliko yote yanagawanywa kwa 2.2, kwa hiyo kizingiti ulichoandika 0.2 kinafanya kazi kama 0.44. Matukio yanapungua nusu na zaidi, na watu wanaishia kushusha kizingiti bila kujua wanafidia nini.

SWALI: Nimefundisha mtandao wa neva kwa data ya ESIM, kizingiti 0.2, bila kelele. Kwenye data ya uigaji unafanya vizuri sana. Nimeazima DAVIS346, kamera halisi ya matukio, na matokeo yameharibika. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kupima kizingiti cha kamera uliyoazima, maana 0.2 ni namba ya kwenye karatasi. DAVIS346 inakurahisishia kwa sababu inatoa matukio na picha za kijivu kutoka pikseli zilezile. Funga muda wa mwangaza wa picha, elekeza kamera kwenye ukuta wenye michoro mingi, isogeze polepole kwa sekunde 20 hivi. Kwa kila pikseli, kati ya picha mbili zinazofuatana, chukua tofauti ya logi (ukishatoa kiwango cha weusi), hesabu chanya na hasi zilizotoka katikati, kisha tafuta vizingiti viwili vinavyolinganisha tofauti hiyo na chanya mara kizingiti cha juu, kutoa hasi mara kizingiti cha chini. Una visivyojulikana viwili na milinganyo mamia ya maelfu. Njia ya miraba midogo kabisa inatosha. Tupa pikseli zilizo chini ya 10 au juu ya 245. Usishangae vizingiti viwili vikitofautiana: hupangwa kwa mikondo tofauti ya umeme ndani ya chipu.

Kwa kamera isiyotoa picha, chapisha ubao wenye rangi mbili, moja ikirudisha mwanga mara mbili ya nyingine. Ukingo huo una 0.69 ya logi. Ukiupitisha polepole na pikseli ikatoa matukio matatu kila mara, kizingiti kipo kati ya 0.173 na 0.231, wastani wa pikseli nyingi utakusogeza karibu zaidi. Usitumie skrini ya kompyuta, kwa kuwa inajichora upya mara 60 kwa sekunde na taa yake ya nyuma mara nyingi inapigapiga. Taa za umeme wa nyumbani nazo hupigapiga mara 100 au 120 kwa sekunde. Tumia mwanga wa jua au taa ya LED ya mkondo mnyoofu.

Ukishapata namba, usifundishe kwa namba hiyo moja. E2VID, mtandao unaojulikana wa kujenga video kutokana na matukio, ulifundishwa kwa vizingiti vilivyochaguliwa kwa nasibu, wastani 0.18 na mtawanyiko 0.03. Utafiti wa mwaka 2020 kuhusu pengo kati ya uigaji na uhalisia ulipanua hadi kati ya 0.2 na 1.5, na matokeo kwenye data halisi yakawa bora. Badilisha kizingiti kwa kila mfuatano, cha juu na cha chini kila kimoja kwa bahati yake.

Baada ya hapo ndipo kelele, na kila moja ina tabia yake. Tofauti za pikseli kwa pikseli: mtawanyiko wa 0.03 hivi juu ya kizingiti. Zichague mara moja mwanzoni na uziache zilivyo mpaka mwisho wa mfuatano; tumeona programu zinazozichagua upya kila fremu, na hiyo si tofauti ya pikseli tena bali kelele mpya. Uvujaji: hutoa chanya tu, kama tukio 0.1 kwa sekunde kwa pikseli, ambayo kwa DAVIS346 ni matukio 9,000 kwa sekunde. Kelele za fotoni: chanya na hasi, na huongezeka gizani. Ukiweka 5 kwa sekunde kwa pikseli una matukio 450,000 kwa sekunde kabla roboti haijasogea. Hicho ni kiwango cha chumba chenye giza. Usikitumie kwa mchana.

Kinachosahaulika zaidi, na kwa maoni yetu ndicho kinachoharibu zaidi, ni pikseli kuchelewa kuitikia kwenye mwanga hafifu. Masafa ya ukomo (ambayo pikseli huanza kushindwa kuyafuata) yakiwa Hz 30, pikseli inachelewa kwa milisekunde 5.3, ukingo unaokwenda pikseli 543 kwa sekunde umeshasogea karibu pikseli 3 katika muda huo, na unaacha mkia nyuma. Mtandao uliozoea kingo kali kama wembe hautambui mkia huo. Kwa Hz 300 ucheleweshaji ni milisekunde 0.53. Ukiigiza kichujio hiki, hatua ya muda iwe chini ya theluthi ya ucheleweshaji, la sivyo kinatoa majibu ya uongo: kwa Hz 30 fremu 1,000 zinatosha, kwa Hz 300 unahitaji karibu 6,000. Ndiyo, ni nyingi. Kwa mandhari yenye mwanga wa kutosha, zima kichujio tu.

SWALI: Diski yangu imejaa kwa mfuatano wa dakika chache. Mnahifadhije?

JIBU: Matukio milioni 10 kwa sekunde, kila moja baiti 13 (x na y baiti mbili mbili, muda nane, alama moja), ni megabaiti 130 kwa sekunde. Muda wa biti 32 kwa mikrosekunde unatosha dakika 71 tangu mwanzo wa faili. Kwa 1280 kwa 720, x inahitaji biti 11, y biti 10, alama 1. Vyote vinaingia kwenye biti 32 nyingine. Unabaki na baiti 8 kwa tukio, kisha umbizo la faili la HDF5 libane linavyojua.

Muda usiuweke kamwe kwenye desimali ya biti 32. Kwenye sekunde ya 100 haiwezi kutofautisha nyakati zilizo karibu kuliko mikrosekunde 7.6. Na ukihifadhi muda wa saa ya kompyuta unaohesabiwa tangu 1970, hatua ndogo kabisa inakuwa sekunde 128. Kuna data iliyozunguka ikiwa na matukio yote kwenye nyakati mbili tatu tu, na chanzo kilikuwa hicho.

SWALI: Nimeandika kiigaji changu mwenyewe. Nitajuaje kinafanya kazi sawasawa?

JIBU: Zima kelele zote na muda wa mapumziko wa pikseli (kitambo baada ya tukio ambapo haitoi jingine), kisha kipe picha ya kijivu tupu inayopanda kutoka 10 hadi 100 kwa mstari ulionyooka ndani ya sekunde moja. Kwa kizingiti cha 0.2, kila pikseli itoe matukio 11, chanya yote, bila hasi hata moja. La kwanza liwe kwenye sekunde 0.0246, la 11 kwenye 0.892.

Ukipata 11 lakini la kwanza lipo kwenye 0.087, umekipa fremu mbili tu za mwanzo na mwisho. Ongeza fremu na namba itashuka. Ukipata pungufu ya 11, angalia mstari unaosasisha kumbukumbu ya pikseli: baada ya tukio, ongeza kizingiti kimoja kwenye kumbukumbu, usiibadilishe kwa mwangaza wa fremu mpya. Ukifanya hilo la pili, masalio yanapotea na idadi ya matukio inaanza kutegemea kasi ya fremu. (Pikseli ya kweli hupoteza masalio pia, lakini kwa sababu ya muda wake wa mapumziko, na huo unauigiza peke yake.)

Kisha chukua mandhari yoyote yenye mwendo. Kwa kila pikseli anza na logi ya fremu ya kwanza, ongeza kizingiti kwa kila chanya, toa kwa kila hasi, na ulinganishe na logi ya fremu ya mwisho. Tofauti isifike kizingiti kimoja popote pale. Ikifika kwenye pikseli chache za pembeni, tafuta kosa kwenye mipaka ya picha. Ikifika kila mahali, tazama kama logi uliyotumia kukagua ni ileile ya kiigaji, pamoja na ile namba ndogo inayoongezwa.

La mwisho ni kupanga. Kiigaji kinachopita pikseli moja moja kinatoa matukio yaliyopangwa kwa mahali, si kwa muda. Yapange kwa muda ndani ya kila kipindi cha fremu kabla ya kuandika, kisha hakikisha kwenye faili nzima kwamba hakuna muda unaorudi nyuma.